Je, Kisiwa Hicho Kinakufaa? Somo kwa Mlaji Anayepanga Mapumziko Rubondo



Sheria humwita mlaji mtu anayenunua bidhaa au huduma kwa matumizi yake, hata kama kitu chenyewe hakiliwi. Masomo yaliyotangulia katika kijitabu hiki yalihusu vitu vinavyoweza kupimwa, kukaguliwa na kurudishwa dukani: mizani, mbegu, simu za mkononi. Somo hili linahusu bidhaa ya namna nyingine. Safari ya mapumziko hulipiwa kabla ya kuonekana, na ikiharibika haina pa kurudishwa. Muuzaji anaweza kulazimishwa kurudisha fedha. Siku nne za likizo hawezi kuzirudisha.

Tumechagua mfano ulio karibu na wasomaji wa Kasulu, Kibondo na Kakonko. Tuseme walimu na wakulima wanane wa Rungwe Mpya, wanachama wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, wamegawana akiba yao ya mwaka na wameamua kwamba mara hii hawanunui mabati. Mmoja wao ameona kwenye simu picha ya kisiwa chenye msitu, ufukwe wa mchanga na tembo, pamoja na bei. Kisiwa hicho ni Rubondo. Kikundi chetu ni cha kufundishia tu, lakini fedha za aina hiyo ni za kweli. Hutoka kwenye maharage, kahawa na mishahara, tena huwekwa kidogo kidogo kwa miezi kumi na miwili. Zinastahili kuulizwa swali kabla hazijatumwa kwa mtu wasiyemjua.

Kisiwa chenyewe

Rubondo kimo katika Ziwa Viktoria, upande wa kusini-magharibi, mkoani Geita. Kilikuwa pori la akiba tangu 1965, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Eneo lote la hifadhi, maji yakiwemo, ni kilometa za mraba 456.8, na zaidi kidogo ya nusu yake ni nchi kavu. Sehemu kubwa ya nchi kavu hiyo ni msitu. Hakuna kijiji, hakuna soko, hakuna bodaboda.

Kisiwa kina historia ambayo matangazo huigusa kwa neno moja tu. Kati ya 1966 na 1969, chini ya uongozi wa Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt, sokwe wasiofika ishirini waliokuwa wamefungiwa Ulaya waliletwa hapa na kuachiwa msituni. Hakuna aliyewafundisha kutafuta tunda la mwituni wala kujenga kiota. Walijifunza wenyewe, na wazao wao wapo mpaka leo. Twiga na tembo nao waliletwa na binadamu. Nzohe, yule swala wa majimajini mwenye kwato ndefu, ni mwenyeji. Kadhalika viboko na mamba.

Hapa ni lazima tuseme jambo ambalo wakala hatakwambia. Kumpeleka mtu wa Kigoma Rubondo kwa ajili ya sokwe peke yao ni kama kupeleka mawese Ujiji. Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968, na Mahale, tangu 1985, zimo mkoani mwake. Kinachomfaa mtu Rubondo ni vitu vingine: ukimya, msitu unaoanzia mchangani, ndege wa majini, uvuvi wa sangara kwa ndoano na kwa kibali, na ile hali ya kulala mahali ambapo hapana redio ya jirani. Anayependa hayo atarudi amefurahi. Anayetaka kuona wanyama wengi kwa siku moja kupitia dirisha la gari atarudi akilalamika, na malalamiko yake hayatakuwa na wa kujibu, kwa sababu msitu huficha. Picha ya tembo ufukweni ni ya kweli. Ni dakika moja ya kweli iliyochaguliwa kati ya siku nyingi za miti.

Mtatokaje?

Watu wengi huuliza watafikaje. Kwa kisiwa, swali lenye uzito zaidi ni jinsi ya kutoka, na lini, na kwa idhini ya nani. Mjini ukichoka unapanda basi. Kisiwani unamsubiri nahodha, na nahodha hulisubiri ziwa.

Kikundi chetu kitatoka Rungwe Mpya kutafuta barabara kuu, kipite Kibondo na Kakonko hadi Nyakanazi, kisha kielekee Biharamulo na upande wa Chato, hadi Muganza na mwalo wa Kasenda. Safari hiyo ina kubadili magari, na kila badiliko ni nafasi ya kuchelewa. Kutoka Kasenda kivuko chenyewe ni kifupi, chini ya nusu saa kwa boti ya injini. Zipo pia boti zinazotokea Nkome, upande mwingine wa Geita, ambako njia ya majini ni ndefu mara nyingi zaidi. Matangazo mengine husema “usafiri wa boti umo” bila kutaja mwalo. Mwalo ukitajwa, utajua kama unanunua nusu saa ya maji au sehemu nzuri ya siku.

Ziwa Viktoria nalo lina ratiba yake. Watafiti wa hali ya hewa wamethibitisha kile ambacho wavuvi walikuwa wakikijua: ngurumo na mvua kubwa juu ya ziwa huja zaidi usiku na kuelekea alfajiri, kwa kuwa usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na upepo wa pande zote hukimbilia katikati. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mtaondoka kisiwani saa kumi usiku ili muwahi basi la asubuhi, kataa. Kataa kwa adabu, lakini kataa. Miezi ya Juni hadi Agosti ina mvua chache; Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba ni misimu ya mvua. Kikundi kinachogawana akiba Desemba na kutaka kusafiri wiki ile ile kinanunua hatari ya kuongezewa usiku mmoja kisiwani kwa sababu ya hali ya hewa. Hatari hiyo si kubwa kiasi cha kuacha safari, ila ni kubwa kiasi cha kuuliza nani atalipia usiku huo.

Halafu kuna chombo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika gatini Ukara, katika ziwa hili hili. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa pekee walizidi 220. Haikuwa dhoruba, bali ni idadi ya watu. Tunaitaja ajali hiyo kwa sababu funzo lake linamhusu abiria moja kwa moja: kuhesabu ni kazi ambayo hata asiyejua kuogelea anaweza kuifanya. Uliza boti imeruhusiwa kubeba watu wangapi, hesabu waliomo, hesabu jaketi okozi. Jaketi livaliwe kabla ya kusukuma chombo majini, lisikaliwe kama mto. Usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na mwenye boti aliyekaguliwa hakasiriki akiombwa cheti. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Hesabu isiyoonekana kwenye tangazo

Bei ya kisiwa hugawanyika katika aina mbili, na wengi huzichanganya. Kuna gharama za kila mtu, kama kiingilio cha hifadhi na kitanda. Kuna gharama za chombo kizima: boti, na mara nyingine gari na mwongozaji. Za aina ya pili hazipungui watu wakipungua.

Tufanye hesabu kwa tarakimu za kufundishia, ambazo si bei halisi ya mtu yeyote. Boti ikikodishwa kwa Sh. 160,000 kwenda na kurudi, watu wanane watatoa Sh. 20,000 kila mmoja. Watatu wakighairi juma la mwisho, waliobaki watano watatoa Sh. 32,000. Wakibaki wawili, kila mmoja atatoa Sh. 80,000. Tangazo lililoandika “kwa mtu” lilikuwa sahihi kwa watu wanane tu, na huenda lilikuwa limeandika hivyo kwa herufi ndogo. Ndiyo maana kikundi kinapaswa kukubaliana, kabla ya kulipa, kwamba anayeghairi ataacha fungu lake la boti. Makubaliano hayo yakifanywa siku ya furaha hayaudhi mtu. Yakifanywa siku ya kughairi huvunja kikundi.

Kiingilio cha mwananchi katika hifadhi zetu hutozwa kwa shilingi na ni kidogo sana kuliko cha mgeni wa nje. Hulipwa Serikalini kwa namba ya malipo, ile ambayo watu huiita kontroli namba, si kwa fedha mkononi. Wakala akikudai kiingilio ndani ya bei yake, mwombe stakabadhi yenye namba hiyo. Uliza pia kibali kinadumu saa ngapi, maana boti iliyochelewa mchana inaweza kukuingiza katika malipo ya siku nyingine.

Chakula ndicho hudanganya zaidi. Rubondo kuna malazi ya hifadhi ambako mgeni hujipikia, na kuna kambi ya kifahari ambako kila kitu kimo na bei yake ni ya watalii wa mbali. Mnapochukua malazi ya kujipikia, unga, maharage, mafuta na chumvi hununuliwa kabla ya kupanda boti, na mkisahau kiberiti hakuna wa kumtuma. Kisiwani usitegemee wakala wa kutoa fedha. Mtandao wa simu nao usiuwekee dhamana. Mizigo itiwe kwenye ndoo zenye mfuniko: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na ndoo, licha ya kuzuia maji, hutumika kuchotea na kufulia.

Mwili unaosafiri

Hatuandiki somo hili kumtia mtu hofu. Tunaliandika kwa sababu watu wengi hununua safari wasiyoiweza kwa ajili ya aibu. Katika watu wanane yumo mmoja anayeogopa maji na hajawahi kumwambia mtu. Yumo mwenye presha ambaye dawa zake hubakiza siku mbili kabla ya kwenda kuchukua nyingine. Yumo mama mjamzito, na yumo baba atakayetaka kumbeba mtoto wa miaka mitatu. Kila mmoja akitazama wenzake anaona watu wenye furaha, naye analipa. Siku ya safari ndipo ukweli hutoka, ukiwa kwenye boti.

Mwenyekiti wa kikundi afanye jambo jepesi. Aseme mapema, mbele ya wote, kwamba atakayebaki atarudishiwa chake chote hadi tarehe fulani na hataulizwa sababu. Kwa sentensi hiyo moja ataokoa zaidi ya bima nyingi.

Kuhusu kisiwa chenyewe, mambo yafuatayo yapimwe na kila mtu kwa mwili wake. Kutembea msituni hufanywa kwa miguu, pamoja na askari wa hifadhi mwenye silaha, katika njia zenye mizizi na joto la unyevu. Mwenye goti bovu atakaa malazini, na kukaa malazini siku tatu ni starehe kwa wengine na ni kifungo kwa wengine. Kuogelea si jambo la kufanya: maji hayo yana mamba na viboko. Huu ndio udanganyifu mkubwa wa ile picha ya ufukwe, kwa sababu mchanga upo, maji ni ya buluu, na mtu wa bara hudhani amefika Pwani. Wenye watoto wadogo walifikirie hilo kuliko jingine lolote. Mtoto wa miaka mitatu haelewi kwa nini maji mazuri hayaingiwi.

Ndorobo wapo. Mtu aliyewahi kurina asali Moyowosi anawajua na hahitaji kuelezwa maumivu yao; tunamkumbusha tu kwamba hupenda rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi, hivyo nguo za rangi ya udongo ni afadhali kuliko sare ya kikundi ya buluu. Malaria ipo pia, na chandarua ni cha lazima. Ukipata homa baada ya kurudi, mwambie mganga kwamba ulikuwa kisiwani na uliumwa na ndorobo, hata kama zimepita wiki kadhaa, ili asipime malaria peke yake. Hospitali kubwa ya karibu ni ya Rufaa ya Kanda huko Chato, lakini kati yako nayo kuna maji. Mwenye pumu kali, mwenye kifafa kisichotulia, na mama aliye katika miezi ya mwisho, kwa maoni yetu, wachague mahali pengine.

Ikiwa jibu ni hapana

Mahali pengine papo. Saanane, kisiwa cha jiwe na miti mbele ya jiji la Mwanza, ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Eneo lake ni kilometa za mraba 2.18, boti ni ya dakika chache, na jioni unalala mjini. Kinafaa kwa wazee na watoto. Ukerewe ni kisiwa cha watu: kuna masoko, kuna nyumba za wageni Nansio, na meli hutoka Mwanza. Anayetaka kisiwa bila upweke aende huko.

Kwa wasomaji wetu tunapendekeza pia jaribio la bei ndogo. Gombe si kisiwa, lakini hufikiki ila kwa maji, na boti hutoka Kibirizi, pale Kigoma mjini. Mtu wa Kasulu anaweza kwenda na kurudi bila kutoka mkoani. Atakayeshuka boti ya Gombe akiwa na hamu ya kupanda tena, Rubondo itamfaa. Atakayeshuka akiapa, amejua kwa nauli ndogo kile ambacho angekijua kwa akiba ya mwaka mzima.

Karatasi kabla ya fedha

Kikundi kikishaamua kwenda, kisitume fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka anayefanya biashara ya kusafirisha watalii awe na leseni. Ombeni nakala, na jina lililo kwenye leseni lifanane na jina la akaunti inayopokea fedha. Kisha mwandikieni ujumbe wa aina hii, mkautunza pamoja na majibu yake:

“Tunaomba ututhibitishie kwa maandishi: boti inatoka mwalo gani, saa ngapi, na imeruhusiwa kubeba watu wangapi, bei uliyotaja ni kwa kikundi cha watu wangapi, na itakuwa kiasi gani tukiwa watano, kiingilio, chakula na askari wa kutembea naye vimo au havimo, ziwa likichafuka tukashindwa kwenda au kurudi, nani atalipia usiku wa ziada na fedha zipi zitarudishwa, ndani ya siku ngapi.”

Wakala mzuri atajibu yote kwa jioni moja, kwa sababu amekwisha kuulizwa na wengine. Wakala anayejibu kwa “msijali” hajajibu. Lipeni sehemu kama malipo ya awali, mdai risiti ya kielektroniki, na kinachobaki kilipwe mkiwa Kasenda au kwa utaratibu mliouandika. Basi la kuwafikisha huko lina tiketi yake na nauli iliyo chini ya usimamizi wa LATRA. Lisichanganywe katika bei ya kisiwa bila kutajwa kiasi.

Mkipewa kitu tofauti na kilichotangazwa, mlalamikieni muuzaji kwanza, kwa maandishi, mkieleza kilichoahidiwa, kilichotolewa na mnachodai. Asipojibu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayoiuza, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani (FCC). Afisa biashara wa halmashauri yenu anaweza kuwaelekeza namna ya kuyawasilisha. Ambatisheni leseni, risiti, ujumbe wa maswali na majibu, na picha ya tangazo lenyewe. Picha hiyo ipigwe siku ile ile tangazo linapoonekana, kwa kuwa tangazo lililowekwa kwenye stetasi ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24.